Unawalisha kila siku na bado wanakukimbia: kuhusu mtamba, mbuzi na kuku wa nyumbani

Dada yangu, swali lako nalirudia kwa kifupi ili na wenzetu wanaosoma wafuate. Una mtamba mmoja, yani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, uliyemnunua akiwa ameshakua, mbuzi kadhaa na kuku, wote unawalisha kwa mkono wako asubuhi na jioni, lakini ukisogea tu wanatawanyika, na mtamba ndo usiseme, anajibamiza mpaka banda linatikisika. Jirani mmoja kakwambia wanyime chakula siku mbili watakuja wenyewe. Mwingine kakwambia mfunge mtamba kamba fupi uwe unamshikashika kwa nguvu mpaka achoke. Na watoto nao wanawapenda sana hao wanyama ila wakiingia bandani ni vurugu tupu. Unauliza ufuate la nani.

Usifuate hata moja. Naanza na hilo maana ndo la haraka, mengine tutaongea taratibu.

Kumnyima mnyama chakula ili akuzoee ni hatari kabla hata hatujafika kwenye mambo ya uaminifu. Mbuzi mwenye mimba, hasa ile ya mwishoni na akiwa amebeba mapacha, akishinda njaa mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake kwa kasi kuliko ini linavyoweza kumudu, analegea, anakataa kula hata ukimletea, na unaweza kumpoteza yeye na watoto walioko tumboni. Ng'ombe naye ukimlaza njaa alafu ukamwekea pumba au nafaka anafakamia, tumbo linachachuka, asidi inapanda, hapo utamwita daktari wa mifugo usiku usiku. Na hata wakitoka salama, utakachokuwa umewafundisha ni kwamba wewe ukitokea wagombanie, kwahiyo unapata mbuzi wanaokupanda na ng'ombe anayekusukuma kwa kichwa. Watu wakiona hivyo wanasema wamezoea kweli kweli, kumbe ni njaa tu.

Kuhusu kumshika kwa nguvu mpaka achoke, hili linaniuma zaidi maana nimeliona sana. Mnyama asiyeweza kutoka kuna wakati anaacha kupambana, anasimama kama gogo, na mwenye mnyama anafurahi. Mwangalie vizuri huyo mnyama: weupe wa jicho unaonekana, pua imepanuka, mkia ameubana, masikio hayachezi, anapumua haraka haraka, na pengine ameharisha hapo hapo. Huyo amekata tamaa. Mfungue kesho yake uone, atakaa mbali zaidi ya jana, na sasa ana sababu ya kukukimbia ambayo mwanzo hakuwa nayo.

Sasa tuje kwenye kiini. Mnyama anaanza kukuamini siku anapogundua kwamba akitaka kuondoka kwako anaweza kuondoka, na wewe humfuati. Mengine yote nitakayokwambia yanatoka hapo. Chakula kinamleta mnyama kwenye hori, hakimleti kwako, ndo maana umelisha miezi yote hiyo na bado wanakimbia: wanakula wakiwa na hesabu kichwani ya lini utanyoosha mkono. Na wewe bila shaka unanyoosha, maana unawapenda, unataka angalau umguse mmoja, na kila ukinyoosha unawathibitishia kwamba hesabu yao ilikuwa sahihi.

Kila mnyama wa jamii hii, ng'ombe, mbuzi, kondoo, ana mzunguko wake wa usalama, yani umbali ambao ukiuvuka lazima ahame. Profesa Temple Grandin wa Marekani ndiye aliyelieleza jambo hili kwa wafugaji mpaka likaenea duniani, na ukilijua utaona unalo mbele yako kila siku. Mtamba wako anaweza kuwa na mzunguko wa mita sita, mbuzi wako mmoja mita mbili, mwingine nusu mita. Ukiwa nje ya huo mzunguko anakugeukia na kukutazama. Ukiuvuka anakugeuzia mgongo na kuondoka. Kazi yako ni kuujua mpaka uko wapi na kukaa pembeni yake tu, siyo ndani, mpaka wenyewe upungue. Ukiwa kwenye banda dogo na mzunguko wake ni mkubwa kuliko banda, maana yake kila ukiingia umeshamvamia hata kama umebeba majani, ndo maana anajibamiza ukutani, hana pengine pa kwenda. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, kazi hii ya kuzoeana ifanyie kwenye uwanja, au ukae nje ya banda mlangoni yeye akiwa ndani.

Kingine ni macho. Ng'ombe na mbuzi macho yao yako pembeni ya kichwa, wanaona karibu mzunguko mzima, zaidi ya nyuzi 300, lakini nyuma kabisa ya mkia hawaoni, na vitu vilivyo mbele karibu sana na pua hawavioni vizuri. Ukimjia kwa nyuma unatokea kwake ghafla kama mzimu. Ukimjia usoni moja kwa moja umemkazia macho, unatembea kama fisi au mbwa anayewinda. Mjie kwa ubavu, karibu na bega, tembea kwa kona kona kama mtu aliye na shughuli zake, macho uangalie chini au majani. Na bega lenyewe lina siri, ukisimama nyuma ya bega anaelekea kusonga mbele, ukisimama mbele ya bega anarudi nyuma, hivyo ukitaka atulie simama usawa wa bega, kwa mbali. Hili wachungaji wazuri wanalifanya bila hata kufikiri.

Na usipige kelele. Kanada watafiti akina Pajor walijaribu mbinu mbalimbali za kuwaswaga ng'ombe wa maziwa waone wanachokichukia zaidi, wakakuta kufokewa kulikuwa karibu sawa na kupigwa shoti ya ile fimbo ya umeme. Ng'ombe anasikia sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii kabisa, kwa hiyo hata geti la chuma linalobamizwa au ndoo inayokwaruza sakafu kwake ni kero kubwa. Tengeneza hilo geti.

Haya, mtamba. Huyu tumpe muda wake maana ndo mgumu. Chukua kigoda au ndoo iliyopinduliwa, kaa pembeni ya mpaka wake, ubavu ubavu, baada ya kula siyo wakati wa njaa. Usiwe na chochote mkononi mwanzoni. Kaa, soma simu yako, imba taratibu, chambua mboga, ongea naye ukitaka kwa sauti ya chini. Alafu ondoka kabla hajachoka na wewe. Muda mfupi kila siku, saa ile ile, unazidi masaa mengi ya Jumapili moja, kwasababu wanyama hawa wanapenda kujua nini kinafuata.

Utaanza kuona vitu vidogo. Mwanzo masikio yote mawili yanakuelekea, kichwa juu, anasimama tayari. Siku zinavyoenda sikio moja linakuwa kwako jingine linashughulika na kuku. Kisha kichwa kinashuka. Kisha anaanza kucheua wewe ukiwepo, na hapo dada ufurahi kweli, maana ng'ombe mwenye hofu hacheui. Mwisho siku moja atanyoosha shingo, miguu ya nyuma imebaki mbali tayari kwa safari, atapuliza pumzi puu, atanusa goti lako au kiatu, atajilamba pua. Hapo ndo watu wengi wanaharibu. Mkono unawasha, unataka kumpapasa. Usiguse. Mwache anuse, aondoke, arudi. Na kama umemsogelea wewe na ukaona anaanza kukaza shingo au kuhamisha uzito kwenda mguu wa nyuma, rudi wewe hatua moja kabla yeye hajakimbia. Hiyo hatua ya kurudi ni kama neno umemwambia na amelielewa: kwamba akikuonyesha dalili ndogo unasikia, hana haja ya kukuonyesha kubwa. Wanyama wanaopiga mateke wengi ni wale ambao dalili zao ndogo hakuna aliyezisoma.

Ukifika wakati wa kumgusa usianzie kichwani. Paji la uso ndo sehemu ng'ombe anatumia kupigana, ukimsugua hapo unamwita kwenye mchezo wa kusukumana ambao wewe huwezi kushinda. Gusa bega au shingo, kwa mgongo wa mkono, sekunde chache, toa. Kisha kuna ile sehemu ng'ombe wenyewe wanalambana, chini ya shingo kuja kifuani, juu ya mabega, na shina la mkia. Watafiti wa chuo kikuu cha udaktari wa mifugo Vienna huko Austria walichapisha 2008 kwamba ng'ombe wa maziwa wakisuguliwa chini ya shingo wananyoosha shingo na kulegeza masikio kama vile wanavyofanya wakilambwa na ng'ombe wenzao. Jaribu uone, akikunyooshea shingo na jicho likawa nusu usingizi, sugua, alafu acha kidogo. Akisogea mwenyewe kuomba tena, basi huyo sasa ni rafiki yako. Akibaki kimya au akigeuka, kwa leo imetosha.

Itachukua muda gani? Mtamba aliyekulia bila mkono wa mtu inaweza kuwa miezi, na wengine hawatakuja kupenda kuguswa maisha yao yote, wanatulia tu ukiwa hapo jirani, wanakubali kuongozwa, na hiyo inatosha kabisa kwa kazi. Sitaki ujione umeshindwa kwasababu ng'ombe wako hakulambi kama wa kwenye video.

Mbuzi ni rahisi, na wana akili ambayo watu wanaidharau. Mwaka 2018 watafiti wa Queen Mary University ya London waliwaonyesha mbuzi picha za watu wale wale, moja mtu anacheka na nyingine amenuna, na mbuzi wakaelekea zaidi kwenye uso wenye furaha. Kwa hiyo ukiingia bandani na hasira za siku yako wanaiona. Kwenye kundi lako kuna jike mmoja kiongozi, yule anayepita mlangoni wa kwanza na kuwasukuma wenzake kwenye hori, anza na huyo, wengine wakimwona amesimama karibu na wewe bila wasiwasi watamfuata. Kaa chini, shika tawi la majani mabichi, liwe refu ili wale ncha ya mbali bila kukukaribia, alafu kila siku likate lipungue kidogo. Usimshike anayekuja kula, hata kama ulikuwa unamtafuta umpe dawa ya minyoo, hata kama ni nafasi ya dhahabu. Mkono ule ule ukilisha na kukamata, kesho hatakuja kwenye tawi. Vitoto vya mbuzi vianze kushikwa taratibu tangu siku za mwanzo huku mama yao akiona, dakika chache tu, ni kazi ndogo inayookoa kazi kubwa baadaye. Kama una kondoo pia jua hawasahau: 2001 timu ya mtafiti Keith Kendrick Uingereza ilionyesha kwamba kondoo wanaweza kukumbuka sura 50 za kondoo wenzao kwa zaidi ya miaka miwili, na sura za watu wanazitambua vilevile.

Kuku nitapita haraka. Adui wa kuku anatoka juu, mwewe, kwa hiyo mtu anayeinama na kuleta mkono kutoka juu anaogopesha kuliko chochote. Chuchumaa, mwaga chakula kidogo karibu na miguu yako, mkono uwe chini kiganja wazi. Ukitaka kuwakamata kwa ukaguzi au dawa subiri usiku wakiwa wamelala, uwachukue gizani taratibu mkono mmoja ukishika mabawa, hakuna kufukuzana kuzunguka nyumba. Na kitu kimoja, tetea anayetaga ukimsogelea anaweza kulala chini akafungua mabawa kidogo, wengi wanadhani ni mapenzi, hapana, ni namna anavyojiweka kwa jogoo. Haina ubaya, ila usiitumie kama kipimo kwamba amekuzoea.

Sasa sindano, dawa ya minyoo, kukata kwato, kuogesha. Haya yapo na lazima yafanyike, na hapa ndo uaminifu wa miezi unamwagika asubuhi moja. Ushauri wangu, tenga mahali. Kazi ya maumivu isifanyike pale unapokaa na kigoda chako wala pale wanapolia chakula. Kama kuna mtu mwingine wa kuchoma sindano mwache achome yeye, kwasababu ng'ombe wanatofautisha watu, na majaribio yameonyesha rangi ya nguo ni moja ya vitu wanavyotumia, hivyo wewe uwe na nguo yako moja ya kukaa nao, na ya kazi ngumu iwe nyingine. Kama ni wewe peke yako, wazoeshe vipande vipande kabla ya siku yenyewe: leo inua mguu sekunde moja uuachie, kesho mbili, mguse mdomo na bomba la dawa lenye maji matamu kidogo tu bila dawa, afungwe na kufunguliwa kamba bila lolote baya kutokea. Sindano ikishachomwa usimfuate fuate kumbembeleza. Mwache aende zake, na kesho rudi kwenye kigoda hatua mbili nyuma ya pale mlipokuwa mmefika.

Wengine wataniambia haya yote ni mapenzi ya watu wenye muda mwingi. Hapana, ni maziwa kabisa. Tangu 1941 watafiti Ely na Petersen wa Marekani walionyesha kwamba ng'ombe akishtushwa wakati wa kukamuliwa anashindwa kuachia maziwa, walipasua mifuko ya karatasi karibu yake na hata kumwekea paka mgongoni. Hofu inaleta adrenalini, homoni ya mshtuko, na adrenalini inazuia oksitosini, ambayo ndo homoni inayokamua vifuko vya maziwa ndani ya kiwele ili yashuke. Unakamua, kiwele kimejaa, hayatoki, na mtu anampiga ng'ombe kwamba anaficha maziwa. Na mtafiti Paul Hemsworth kule Australia ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba kwenye mabanda ya nguruwe na ya ng'ombe wa maziwa ambako wanyama wanawaogopa watu, uzalishaji unakuwa chini. Huwezi kununua chakula cha kufidia hofu.

Watoto. Usiwazuie, wape kazi. Waambie mchezo ni huu: tunakaa chini, hakuna kukimbia wala kunyoosha mkono, mbuzi akimjia nani huyo ndo mshindi. Watoto wanaweza kuwa wazuri kuliko sisi kwa hili maana ni wadogo kwa kimo, mnyama haoni mlima mbele yake. Ila wewe uwepo. Na kumfukuza kuku iwe mwiko wa nyumba nzima pamoja na wageni, kwasababu siku moja ya kufukuzana inalipwa kwa wiki.

Hapa lazima niwe mkali kidogo: wasiwafanye rafiki wa kucheza nao wale madume. Ndama dume aliyelelewa kwa chupa peke yake, hana wenzake, akikua hamwogopi mtu na anamwona mtu kama dume mwenzake wa kupigana naye. Watafiti Price na Wallach walionyesha 1990 kwamba madume waliolelewa kwa mkono na kutengwa walitishia watu zaidi kuliko waliolelewa kwa mkono wakiwa pamoja na wenzao. Ndama anayesukuma watoto kwa kichwa wakati ana kilo 40 wote wanacheka, ana kilo 400 anaua kwa mchezo ule ule. Beberu pia usimsugue paji la uso hata akiwa mdogo. Hawa unawataka watulivu, wanaokuheshimu na kukupa nafasi, na ndama dume wa chupa akue pamoja na ndama wenzake.

Na mnyama aliyekuwa amekuzoea akianza ghafla kukukwepa, kabla ya kumlaumu mkague. Maumivu ya kwato, kiwele chenye ugonjwa, jicho linaloanza kuona vibaya upande mmoja, kupe sikioni, vyote hivyo vinafanya mnyama asitake kuguswa. Angalia pia nani mwingine anaingia bandani ukiwa haupo.

La mwisho ni kwa mtamba wako akishapata mimba. Usisubiri azae ndo uguse kiwele kwa mara ya kwanza. Akishakubali kusuguliwa shingo na mgongo, endelea polepole kuja kwenye ubavu, tumbo, paja, kisha mgongo wa mkono kwenye kiwele, umesimama karibu na bega lake ukitazama nyuma, siyo nyuma ya miguu. Akinyanyua mguu usitoe mkono kwa mshtuko na usiukandamize pia, uache umetulia hapo mpaka aweke mguu chini, ndo utoe, ili ajifunze kwamba kutulia ndo kunaondoa mkono. Akishazaa, hata kama alikuwa anakulamba uso, siku za kwanza mchukulie kama hakujui. Usiingie kati yake na ndama, acha mlango wazi nyuma yako, watoto wabaki nje, na ukimwona ameinamisha kichwa anapuliza na kuchimba ardhi kwa kwato, toka taratibu bila kumgeuzia mgongo, urudi jioni na kigoda chako nje ya uzio.